Hamisi, kiwanja cha Pongwe kisiuzwe kwanza

Wakubwa wote, shikamooni. Hamisi mdogo wangu, ujumbe wako kwenye kundi la familia nimeusoma mara nne. Unasema umemaliza kidato cha sita, PCM, na umesikia Ujerumani uhandisi unasomwa bure, mwanafunzi anafanya kazi usiku, na baada ya mwaka anajenga kwao. Chini yake Mjomba akaongeza kwamba kiwanja cha Pongwe kimeshapata mteja. Hapo ndipo nilipokasirika. Si kwako. Nimelikasirikia hilo neno "bure", na nimejikasirikia mwenyewe kwa kukaa kimya miaka mitatu huku Ujerumani nikaliacha litembee.

Ada kweli hakuna kwenye vyuo vingi vya serikali, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini ili upate viza uonyeshe euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, wenyewe wanaiita Sperrkonto. Hiyo ndiyo hela ya kiwanja. Mjomba anadhani ukishafika unaitoa yote. Huitoi. Unaachiwa euro 992 kwa mwezi, basi. Chumba changu ni 390, bima ya afya karibu 140, bado hujala. Na kibali kikiisha unaulizwa upya utajikimu kwa nini.

Baridi sitaieleza, umeshaambiwa na kila mtu. Nataka nikueleze mtihani.

Huku masomo mengi hayana alama za katikati ya muhula za kukubeba. Muhula mzima unaishia kwenye karatasi moja ya saa mbili. Somo lililonishika ni Technische Mechanik: nguvu, mihimili, mkazo ndani ya chuma. Si kwamba limeishinda akili ya mtoto wa Tanga. Linataka ukae na maswali kila siku, saa tatu, saa nne, mpaka mkono uzoee. Saa hizo mimi nilikuwa naziuza. Mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Nilikuwa kwenye ghala la vifurushi, naingia saa nne usiku, natoka saa kumi alfajiri, na saa mbili asubuhi niko darasani. Sheria inamruhusu mwanafunzi siku nzima 140 kwa mwaka, nilizimaliza zote. Hela nyingi ilikwenda kwenye bati za nyumba ya Bibi na ada ya Zainabu. Bati sizijutii. Nataka tu mjue zilitoka wapi.

Nikafeli. Nikarudia, nikafeli tena. Matokeo yalisomeka 5.0. Mama alipiga siku ile ile, nikamwambia nimepata tano. Akakumbuka mtoto wa jirani alivyoshangiliwa kwa GPA ya 4.2, akasema alhamdulillahi, akatoka kuwaambia watu. Huku 1.0 ndiyo ya juu kabisa, mwisho wa kupita ni 4.0, na 5.0 ni kufeli. Nilijua hajui, nikamwacha afurahi. Tangu siku ile silali vizuri, na si kwa sababu ya zamu.

Kwenye kozi yangu mtihani unafanywa mara tatu tu. Ukifeli wa tatu unaondolewa chuoni, na kozi hiyo kwa kawaida huisomi tena kwenye chuo kingine cha nchi hii. Kibali cha kuishi nacho kinategemea masomo. Kijana mmoja wa Kameruni tuliyeanza naye, mchapakazi kweli, aliondoka hivyo muhula wa nne. Alikuwa anatuma kwao kuliko mimi.

Sasa nikuambie usije? Siwezi. Nimewahi kuvuta kipande cha chuma kwenye mashine ya maabara mpaka kikakatika, nikaona mstari wa grafu unapinda pale pale kitabu kiliposema utapinda. Natamani na wewe ukione kitu hicho. Njoo. Ila usije kwa hela ya kiwanja, na usije sasa. Omba UDSM, maliza shahada ya kwanza, huku unasoma Kijerumani taratibu. Shahada ya pili ina kozi nyingi za Kiingereza. Ya kwanza, kwa uhandisi, ni Kijerumani karibu yote, na mimi mwaka mzima uliishia Studienkolleg, masomo ya maandalizi, kabla sijaruhusiwa kuanza. Au kama roho haitulii, njoo hivi karibuni, lakini miaka miwili ya mwanzo usitume hata senti, hata nikikuomba mimi. Najua Bibi akikosa dawa utatuma. Tuma. Lakini saa za Mechanik usiziuze, Hamisi, nakusihi.

Mtihani wangu wa tatu ni mwezi wa pili. Zamu za usiku nimeziacha tangu wiki iliyopita, kwa hiyo mpaka mwezi wa tatu sitatuma chochote. Mjomba, naomba usinipigie kuhusu hela ya uzio. Zainabu awaambie shuleni ada tutachelewa.

Hamisi, Mama haoni vizuri maandishi ya simu, najua atakuomba umsomee. Ukifika pale kwenye tano usiruke. Msomee polepole, halafu nipigie nizungumze naye mwenyewe.