Mtoto hakulia alipozaliwa: majibu ya maswali yenu

Shikamoo daktari. Mwanangu alizaliwa "amechoka", hakulia mpaka aliposaidiwa kupumua. Kwenye kadi wameandika 4, halafu 8. Sasa ana miezi miwili. Atakuwa mzito shuleni?

Marahaba mama. Hizo ni alama za Apgar, alizobuni daktari Mmarekani Virginia Apgar mwaka 1952. Zinahesabiwa kati ya 10: rangi, mapigo ya moyo, upumuaji, misuli, na anavyoitikia akiguswa. 4 ni ya dakika ya kwanza, 8 ya dakika ya tano. Kupanda hivyo ni habari njema, na kadi haikuandikwa ili itabiri darasa la tatu. Mimi ningeuliza zaidi kuhusu siku za mwanzo: alinyonya vizuri? Alipata degedege? Alilegea, au alilala hata kumwamsha ikawa kazi? Kama alinyonya vizuri na hayo mengine hakuna, endelea na kliniki kama kawaida.

Wetu alipata hewa tukamshukuru Mungu. Usiku akaanza kurusharusha mkono mmoja na kutafunatafuna mdomo. Kwa nini degedege ije wakati hewa imesharudi?

Kwa sababu madhara huja kwa awamu mbili. Oksijeni ikikatika, seli za ubongo huishiwa nguvu na baadhi hufa palepale. Damu ikirudi, nyingi hujikongoja, kisha saa kadhaa baadaye zinaanza kuanguka. Ndipo degedege hutokea, mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza. Hewa ikikatika ghafla, zinazoumia zaidi ni sehemu za ndani kabisa za ubongo zinazoratibu mwendo, kwa kuwa zinatumia nguvu nyingi.

Katikati ya awamu hizo kuna nafasi ya kuokoa seli hizo. Huko Ulaya na Marekani mtoto huanza kupozwa ndani ya saa 6, mwili ushuke hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72. Msijaribu nyumbani! Utafiti uliofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, ukatoka 2021, ulikuta watoto waliopozwa walikufa zaidi. Kwetu mtoto huyo anahitaji joto la kawaida, sukari isishuke, na dawa ya degedege.

Mama mkwe anasema mtoto alikosa hewa kwa sababu nilibana miguu wakati wa kusukuma.

Mwambie kwa heshima kwamba sivyo. Kondo kuachia mapema, kitovu kutangulia, uchungu pingamizi (mtoto kukwama njiani): hakuna hata moja uliloamua wewe.

Ana miezi 9, hakai, na nikimshika makwapani miguu inakaza na kupishana kama mkasi. Wananiambia nisubiri, "watoto hawafanani".

Usisubiri hata wiki. Hiyo inaweza kuwa mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mwendo na misuli unaotokana na jeraha la ubongo. Jeraha lenyewe haliongezeki, ila misuli isiyonyooshwa hukakamaa, na nyonga huweza kuteguka. Tafuta mtaalamu wa mazoezi ya viungo, naye akufundishe wewe, maana mazoezi ni ya kila siku. Mlishe akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, asije akapaliwa. Apimwe macho na masikio. Na mzungumzishe: wapo wasioweza kutamka neno wanaoelewa kila mnachosema sebuleni. Ulizia pia manjano kali na homa ya uti wa mgongo alipokuwa mchanga, si kila mtindio hutokana na kukosa hewa.

Mkunga alimpiga makofi miguuni ili alie. Ni sawa?

Hapana. Akaushwe, asuguliwe mgongo. Asipopumua, apewe hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha.