Peleti, briketi ao makala: venye niliona ku jiko yangu hapa Goma

Nianze na ujinga yangu mwenyewe. Nilinunua gunia ya peleti, vile vipande vidogo vya mbao iliyokamuliwa, juu muuzaji aliniapia inawaka kuliko makala, nikafika nyumbani, nikaimwanga ndani ya mbabula yetu ya kila siku, ile jiko ya makala, nikaweka mafuta kidogo nikawasha. Weeh! Moshi ilijaa parsele nzima mpaka mama jirani akakuja na kitenge ku pua, anauliza kama volkano yetu ya Nyiragongo imeamka tena. Jioni ile tulikula ndizi na karanga.

Kosa haikuwa ya peleti. Makala tunayonunua, moshi yake ilishaishia kule Masisi ndani ya tanuru ya udongo, siye tunapata paka kile kilichobakia. Peleti ni mti mzima bado: unga wa mbao uliokaushwa, ukakamuliwa na mashine kwa nguvu mpaka ukashikana wenyewe bila gundi, juu lignini ile ya ndani ya mti ikipata joto inalegea na kunata. Kwa hiyo moshi yote ingali ndani, na inaomba jiko yenye ventilateri ndogo, ile inapuliza hewa juu ya moto ili moshi yenyewe iungue mbele ya kutoka. Unajaza kopo ya ndani ya jiko, unawasha kutoka JUU, hapana chini. Siku ya pili nilifanya hivyo na jiko ya kuazima, moto ikatoka ya bluu-bluu kama ya gazi, sufuria haikupata hata masizi.

Sasa msidanganywe na hesabu ya wauzaji. Kilo ya makala mazuri iko na joto kama megajule 29, ya peleti kama 17, so kilo kwa kilo makala inashinda. Lakini mbabula ya wazi inapoteza joto mingi pembeni, na kilo moja ya makala ilikula kilo sita za mti ao zaidi mbele ifike ku soko, na mti ule mingi inatoka wapi mnajua, parke ya Virunga iko parke tangu 1925 na bado gunia zinashuka. Kuko makala ya ekaliptusi za kupandwa, WWF, shirika ya kulinda mazingira, ilianzisha mradi wa EcoMakala tangu 2007 juu ya ile. Kwangu inaisha haraka kuliko ya pori, sitaficha, ila njo nanunua.

Maharagi njo inatoa ukweli. Goma tuko karibu metre 1,500 juu, maji inachemka ku digrii 95 hivi, hapana 100, ndiyo maana maharagi inakaa ku moto masaa na masaa, na kopo moja ya peleti kwangu inapiga saa moja na kidogo tu. Kuongeza katikati ni shida, moshi inarudi. Kwa hiyo peleti napikia chai, mchele, mayai, samaki. Maharagi na sombe naanzisha na makala, ikishachemka naweka briketi mbili (matofali kadogo ya kuchoma, ya unga uliokamuliwa), ile haina haraka, inanung'unika polepole mpaka mwisho, ila inaacha majivu kama ya kiwanda.

Kuchagua peleti, shemeji yangu wa Liège, kule Ubelgiji, anachomea nyumba yake peleti kila baridi, kule wanauziwa saki ya kilo 15 imeandikwa daraja: A1 majivu haipite 0.7%, A2 1.2%, B 2%, na maji haipite 10%. Siye hatuna maandishi, tuko na vidole. Vunja moja: ikilia «ka!» ni kavu, ikipinda ao ikisagika, rudisha. Ona chini ya gunia, kama kuko unga mingi umelipia vumbi. Kisha choma kidogo uangalie majivu, ukikuta imeshikana vijiwe vigumu kama lava kadogo, ujue walifagia unga wa mbao chini pamoja na mchanga.

Kuhusu baridi ya usiku hapa sicheki: mbabula yenye moto, ikuwe ya makala, ya briketi ao ya peleti, USILALE nayo chumbani. Ile gazi ya kuua haina harufu wala haionekani.

Na weka peleti ndani ya bido yenye kifuniko, juu ya mbao. Yangu ya pili niliacha gunia chini, nyumba yetu ni ya mbao juu ya mawe ya lava, mvua ya mwezi wa ine ikapita chini ya ukuta usiku. Asubuhi nusu gunia ilikuwa imevimba, imerudia kuwa unga, laini na moto-moto ku mkono. Mama jirani alikuja akaiona, akaomba. Kuku zake zimelalia ile kitanda mwezi mzima.