Uvimbe wa ini usio saratani: wakati wa kupasua na wakati wa kuuacha

Karatasi ya altrasaundi imeandikwa "uvimbe kwenye ini, sentimita 6", na kabla mgonjwa hajatoka getini ndugu wameshaanza kuchangishana fedha za upasuaji. Tunaomba wasubiri kidogo. Kwa mtu ambaye ini lake ni zima, uvimbe unaoonekana kwa bahati, pengine alipokuwa anapimwa tumbo kwa jambo jingine, mara nyingi si saratani, na mara nyingi hauhitaji kisu. Kabla ya kuuliza gharama, uliza uvimbe huo ni wa aina gani. Usikubali kupangiwa tarehe ya upasuaji kama bado hakuna aliyekueleza aina yake na sababu za kufikiri hivyo.

Anza na damu: kipimo cha homa ya ini B na C, kipimo cha AFP (protini ya damu ambayo mara nyingi hupanda kwenye saratani ya ini), utendaji wa ini, na kuganda kwa damu. Hapa kwetu homa ya ini B ipo kwa wingi na huleta saratani ya ini, kwa hiyo uvimbe kwa mtu mwenye virusi hivyo, au mwenye ini lililokakamaa, unachukuliwa kama saratani hadi ithibitishwe vinginevyo. Lakini AFP ya kawaida isikupe usingizi mzito. Saratani nyingine za ini haziipandishi.

Kisha picha. Hemanjioma, yaani fundo la mishipa ya damu, ikiwa ndogo, chini ya sentimita 3, yenye kingo safi kwenye ini zima, altrasaundi huweza kutosha. Zaidi ya hapo inahitajika CT ya dawa (ile inayochomwa mshipani ili uvimbe uonekane vizuri) iliyopigwa kwa awamu, yaani dawa ikiwa kwenye ateri, ikiwa kwenye mshipa mkuu wa ini, na baada ya dakika chache. Au MRI, ambayo ni bora zaidi. Hapa ndipo fedha hupotea. Fomu ikiandikwa "CT ya tumbo" tu, huenda ikapigwa awamu moja, na awamu moja haitofautishi uvimbe huu na ule. Mwombe daktari aandike kwenye fomu kwamba anatafuta aina ya uvimbe wa ini na anataka awamu zote. Pima figo kwanza kwa ajili ya dawa hiyo. Ukitoka, chukua picha zenyewe kwenye CD, si ripoti peke yake. Anayepewa rufaa kutoka hospitali za Amana, Temeke au Mwananyamala kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, bila picha huweza kulazimika kurudia kipimo.

Usiharakishe kuchomwa sindano ya kuchukua kinyama. Hemanjioma, kwa kuwa ni mishipa ya damu, inaweza kuvuja. Na kwa mtu aliyeishi na mifugo na mbwa, uvimbe wenye maji unaweza kuwa wa minyoo ya mbwa: ukitobolewa ovyo, maji yake husambaza ugonjwa tumboni na huweza kuleta mzio wa kuua. Huo huandaliwa kwanza kwa dawa ya minyoo, albendazole.

Hemanjioma ndiyo ya kawaida kuliko zote. Kwenye CT au MRI, hujaa dawa kuanzia pembeni kuelekea katikati. Haigeuki kuwa saratani na hupasuka mara chache mno, hata ikifika sentimita 10. Hupasuliwa pale inapoleta maumivu ya kudumu yasiyo na chanzo kingine, inapobana tumbo au njia ya nyongo, au inapomaliza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Tunasisitiza "yasiyo na chanzo kingine" kwa sababu wapo wanaoondolewa hemanjioma na maumivu yakabaki, kumbe yalikuwa ya vidonda vya tumbo au mawe ya nyongo.

Uvimbe wenye kovu katikati, unaoitwa FNH, huwapata zaidi wanawake na huachwa. Si lazima kuacha vidonge vya majira kwa ajili yake.

Adenoma, uvimbe wa chembe za ini zenyewe, ndiyo ya kuogopa. Huhusiana na vidonge vya majira vyenye estrojeni, unene, na kwa wanaume, homoni za kujaza misuli. Inaweza kutoka damu ghafla na inaweza kugeuka saratani. Kwa mwanamke, hatua ya kwanza ni kuacha vidonge hivyo (kitanzi cha shaba hakina homoni), kupunguza uzito, na kurudia MRI baada ya miezi 6. Ikibaki zaidi ya sentimita 5 au ikizidi kukua, iondolewe. Kwa mwanaume huondolewa hata ikiwa ndogo. Ikipasuka na kumwaga damu, kinachotangulia ni kumtuliza mgonjwa na kuziba mshipa kwa mrija mwembamba pale huduma hiyo ilipo. Kukata ini usiku wa dharura kuna hatari kubwa zaidi.

Ini hupitisha takriban lita moja na nusu ya damu kila dakika, kwa hiyo adui mkuu wa upasuaji huu ni damu. Daktari wa usingizi hushusha presha ya mishipa mikubwa kwa kubana maji ya dripu. Mpasuaji hubana mshipa na ateri zinazoingia kwenye ini kwa dakika 15, huachia 5, kisha hubana tena. Hemanjioma huweza kumenywa kutoka kwenye ganda lake bila kukata sehemu ya ini yenye afya. Adenoma hukatwa pamoja na kipande cha ini. Ini lenye afya likibakiwa na asilimia 30 hivi huweza kuhimili na kukua tena. Uliza waziwazi: nitabakiwa na kiasi gani?

Ndugu wachangie damu mapema. Mwanaume hurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya 4, kwa hiyo waliochangia juzi hawatasaidia. Taja aspirini na mitishamba yote unayotumia, hata ile ya kienyeji unayoona ni chakula tu.

Baada ya upasuaji, amka na utembee kesho yake. Kulala tu huleta damu kuganda miguuni na mapafu kujaa. Mrija wa tumboni ukitoa maji ya kijani au manjano iliyokolea, nyongo inavuja. Mara nyingi hufunga yenyewe mrija ukiachwa mahali pake, kwa hiyo usishinikize utolewe ili uruhusiwe haraka. Nyumbani, ndoo ya lita 20 usiiguse kwa wiki 6 hadi 8. Homa, macho ya manjano, tumbo kujaa au kuchanganyikiwa: rudi siku hiyohiyo.

Fuatilia majibu ya maabara ya kipande kilichotolewa, na usiridhike na kuambiwa "yako sawa". Hayo ndiyo huthibitisha aina ya uvimbe. Ikiwa ni adenoma, uliza kama ilikuwa na dalili za kugeuka, kama kingo zilitoka safi, na lini upigwe picha tena. Omba nakala, uiweke pamoja na CD.