Jibu: Hati kwenye Google Drive, nywila ndefu inatosha?

Ndugu yangu wa Tanga, umeuliza kama nywila ndefu inatosha kulinda picha za vyeti na hati ya kiwanja ulizohifadhi Google Drive, ilhali kuprinti unaprintia steshenari za Ngamiani. Haitoshi. Nywila huvuja hata bila wewe kukosea: Dropbox, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni kama Google Drive, walivamiwa mwaka 2012, na mwaka 2016 ikajulikana kuwa akaunti zaidi ya milioni 60 ziliguswa. Aliyetumia nywila ileile kwenye barua pepe alikuwa amewapa wezi funguo mbili kwa mpigo.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili leo hii, yaani kuingia kudai nywila pamoja na msimbo wa ziada. Ila msimbo usiupokee kwa meseji ukiweza kukwepa, maana laini ikisajiliwa upya na tapeli, meseji zinamfuata yeye. Tumia programu ya Google Authenticator, inayotoa msimbo huo kwenye simu yako yenyewe. Kisha chukua namba 10 za akiba ambazo Google hukupa za kuingilia bila simu, kila moja hutumika mara moja tu, uziandike kwenye karatasi na kuiweka nyumbani. Simu ikiibiwa, ndizo zitakazokuingiza.

Kuhusu steshenari, mimi nisingeingia kwenye akaunti pale kabisa. Beba faili kwenye flashi, au mtumie mhudumu hilo moja tu analoprinti. Kama ulishaingia, fungua mipangilio ya akaunti kwenye simu, sehemu ya Usalama, utazame orodha ya vifaa. Usichokitambua kiondoe, halafu badilisha nywila. Angalia pia kama hati ya kiwanja haijawekwa wazi kwa yeyote mwenye kiungo.