Waja leo, waondoka leo: ushauri kuhusu tundu la ndoo ya haidroponiki

Wanaokuja kuangalia nyanya zangu hapa Makorora, Tanga, huuliza mbolea. Nanunua wapi, nachanganya vipi, naweka mara ngapi kwa wiki. Sijaona anayeinama akaangalia chini ya ndoo, pale maji yanapotokea. Lakini mtu akitaka nimtajie kitu kimoja cha kuhangaikia kwenye kilimo hiki cha bila udongo, nitamwambia tundu. Mbolea ikipungua, majani hubadilika rangi mapema na unakuwa na nafasi ya kurekebisha. Maji yakigoma kutoka, mmea hukupa taarifa wakati mizizi imeshaoza.

Mzizi unapumua. Ndani ya ndoo, hewa mpya huingia maji yanaposhuka na kutoka, kwa sababu yakishuka yanaivuta nyuma yake. Yakituama, oksijeni iliyomo inakwisha na vimelea vya kuozesha mizizi vinapata sherehe. Sisi wa pwani tuna mzigo wa ziada: maji yenye nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba kama miligramu 7.5 tu, wakati mizizi yenyewe kwenye joto inataka hewa zaidi. Ndiyo maana mtindo huu wa kupanda kwenye ndoo yenye tundu la kutolea maji, unaojulikana kama ndoo ya Kiholanzi, haufai kunakiliwa ulivyo kutoka kwenye video za watu wa nchi za baridi. Kule makosa ya tundu yanasameheka. Huku Januari, kaskazi ikivuma, hayasameheki.

Kuna mama mmoja wa Chumbageni aliniita nikamwangalizie ndoo zake. Majani yalikuwa yamelegea saa nne asubuhi, jua halijakomaa.

"Mwanangu, mimi namwagilia asubuhi na jioni, mbona zinanyauka?"

"Mama, huenda ndiyo sababu."

Aliniangalia kwa jicho la kutaka kunifukuza. Nikamwomba ruhusa, nikang'oa mche mmoja. Harufu ilitangulia, ile ya mtaro. Mizizi ilikuwa ya kahawia, na nilipoushika mmoja kwa vidole viwili nikavuta taratibu, ganda lake lilivuka lote likabaki mkononi, ndani ukabaki uzi mwembamba. Mzizi mzima haufanyi hivyo. Ni mweupe au wa maziwa, na ukiuvuta unakatika. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, lifanye kabla hujaenda dukani kununua dawa. Mmea uliooza mizizi unanyauka sawasawa na wenye kiu, na mwenye nao anazidi kuuongezea maji.

Ndoo zake zilikuwa na kokoto chini, tabaka la karibu shubiri moja, "ili maji yachuje". Karibu kila mtu anafundishwa hivyo, na ni kinyume. Chukua godoro la sponji ambalo mtoto amelikojolea na limefuliwa. Lilaze bapa: litachuruzika, kisha litaacha, na bado ni zito. Sasa lisimamishe wima. Maji yanaanza tena kumwagika chini, na hakuna aliyeongeza hata tone. Makumbi ya nazi au mchanga unaojazwa ndani ya ndoo navyo viko hivyo. Sehemu ya chini kabisa hubaki imeloa chepechepe kwa kimo fulani, na kimo hicho hakipungui kwa kuwekewa kokoto chini yake. Maji hayaingii kwenye kokoto mpaka sehemu ya chini ya tabaka la juu ijae kabisa. Kwa hiyo kokoto zinalipandisha lile eneo chepechepe na kulisogeza karibu na mizizi, na ndoo yako ya lita 20 inafanya kazi ya ndoo ndogo zaidi. Jaza kitu kimoja kuanzia chini hadi juu. Na kati ya beseni pana na ndoo ndefu zenye ujazo sawa, chukua ndoo, maana kwenye beseni lile eneo chepechepe linakula nafasi karibu yote.

Ndoo nazipata kwa wauza chipsi: zile za mafuta ya kula, lita 20, na mfuniko wake. Za rangi zipo nyingi kwa mafundi, ila sipendi kupandia chakula kwenye kitu ambacho sijui kilibeba nini. Osha kwa maji moto na sabuni mpaka utelezi uishe. Kama plastiki inapitisha mwanga, paka rangi nje, nyeusi kwanza halafu nyeupe juu yake. Nyeusi inazuia mwanga usioteshe utelezi wa kijani ndani, nyeupe inapunguza joto. Kuacha nyeusi peke yake kwenye jua la Tanga ni kuipika mizizi.

Sasa tundu. Toboa ubavuni, si kwenye kitako, ukingo wa chini wa tundu ukiwa sentimita 3 juu ya sakafu ya ndoo. Zile sentimita 3 zinabakiza akiba kidogo chini, ili siku umeme umekatika au umechelewa kurudi nyumbani mmea usikauke. Akiba hiyo haiozi mradi kila unapomwagilia maji mapya yaisukume ya zamani itoke. Sisi Tanga tunasema waja leo, waondoka leo; maji ya ndoo nayo yaishi hivyo hivyo.

Bomba la nusu inchi linatosha. Wengi hutoboa kwa msumari uliopashwa moto wakizungusha mpaka tundu lipanuke, linatoka na midomo midomo na litavuja milele. Tumia drili, au pasha moto ncha ya kipande cha bomba la chuma chenye upana uleule wa bomba lako, ukandamize mara moja bila kutikisa. Utapata duara safi. Kisha funga ile konekta yenye nati ambayo mafundi bomba hufungia matangi ya plastiki, na kati yake na ukuta wa ndoo weka raba mbili, ndani na nje, ulizokata kwenye tyubu ya baiskeli. Ukuta wa ndoo umepinda, raba ndiyo inayoziba ule mpindo. Mji huu wa baiskeli hauwezi kukosa tyubu mbovu.

Ndani ya ndoo, kwenye konekta hiyo, funga elbo, kile kiungio cha bomba kilichopinda, ikitazama chini, mdomo wake ukae sentimita moja hivi juu ya sakafu. Hapa ndipo ndoo nyingi za kujitengenezea zinapotofautiana na nzuri. Bila elbo, maji yanayotoka ni ya juu ya akiba, na yale ya sakafuni yanabaki yakichacha. Ukiwa na elbo, yanayotoka ni yale ya chini, ya zamani. Kimo kinabaki kilekile cha sentimita 3, ila maji yanabadilika. Mdomo wa elbo usiufunge kitambaa wala chandarua, vinaziba kwa utelezi baada ya muda mfupi. Ongezea kipande kifupi cha bomba kilichofungwa mwisho, kilale sakafuni, ukichanje kwa msumeno wa chuma nyufa nyingi nyembamba upande wa chini. Makumbi hayapiti, na ufa mmoja ukiziba zipo nyingine.

Tukija kwenye kujaza, ndugu zetu wa Arusha na Moshi wana vijiwe vyepesi vya volkano. Sisi tuna makumbi, na ni bahati, maana Muheza na Pangani kote yanatupwa au yanachomwa. Kata vipande vya ukubwa wa kete ya bao, uchanganye vipande debe mbili kwa debe moja la vumbi la makumbi. Vumbi peke yake linashika maji mno, vipande peke yake vinakauka kabla ya adhuhuri. Usichukue makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kamba, yamekunywa bahari. Na hata yale ya shambani yana chumvi yake ya asili, sodiamu na potasiamu, kwa hiyo loweka, kamua, mwaga, rudia mpaka maji yaache kutoka rangi ya chai. Mwisho yaloweke usiku mzima kwenye maji yenye mbolea ya kalsiamu naitreti, kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo ya lita 20. Kalsiamu inachukua nafasi ya ile sodiamu na kuifukuza. Ukiiruka hatua hii, makumbi yatainyang'anya mimea kalsiamu unayoiwekea, na nyanya zitaanza kuoza kitako.

Kokoto, hata ukizitamani kwa sababu ni rahisi kupatikana, zipime kwanza. Mawe mengi ya hapa ni ya chokaa, yaleyale yaliyotengeneza mapango ya Amboni na yanayolisha kiwanda cha saruji pale Pongwe. Kamulia ndimu juu ya jiwe lililosuguliwa likawa safi: likitoa povu, ni chokaa. Litapandisha pH ya maji, yaani kipimo cha uchachu wake, juu ya 6.5, mmea utashindwa kuchukua chuma, na utaona majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Mchanga wa pwani una chembe za makombe na matumbawe pamoja na chumvi juu, huo hata usiubebe.

Kila ndoo imwage kwenye bomba moja la kukusanyia, la inchi moja na nusu au mbili, lililo chini yake. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita. Tumia pima maji ya fundi mwashi, macho yanadanganya hasa kwenye uwanja uliopinda. Maji yaingie kwa kudondoka, bomba la ndoo lisizame ndani ya lile kubwa. Sababu ni mizizi. Nyanya iliyokomaa hutuma mzizi kupitia kwenye nyufa, elbo, mpaka kwenye bomba la kukusanyia, na ukifika huko unachanua. Nimeshawahi kuvuta mmoja mweupe kabisa, mrefu kuliko mkono wangu, ukatoka na maji yote yaliyokuwa yamekwama nyuma yake yakanirukia usoni. Mahali maji yanapodondoka wazi unauona mapema na kuukata kwa wembe. Mwisho wa bomba kubwa uwe na kifuniko cha kufungua, usiugundishe.

Kabla ya kupanda, jaza makumbi na mimina lita 5 kwa mkupuo. Maji yaanze kutoka kwa nguvu wakati bado unamimina, na baada ya dakika kumi yabaki matone. Yakichuruzika nusu saa, fungua, kuna kitu kimeziba au vumbi limezidi. Baadaye, mimea ikiwa mikubwa, kipimo ni kingine: katika kila lita 10 unazomwagilia, lita 1 hadi 2 zitoke. Zisipotoka kabisa, chumvi inajikusanya ndani na utaona ukoko mweupe juu ya makumbi. Nyanya kubwa kwenye jua kali inaweza kunywa lita 2 hadi 3 kwa siku, zigawe mara kadhaa.

Masika isikutishe. Ndoo yenye mdomo wa sentimita 30 hupokea karibu lita 3.5 tu kwenye mvua ya milimita 50, tundu la nusu inchi linazimudu. Mvua itaosha mbolea tu, utaongeza. La kuangalia ni chombo kinachopokea maji mwishoni: kifunike kwa chandarua, la sivyo utafuga mbu wa mtaa mzima na bwana afya atakuwa na haki ya kukugongea.

Mbolea zenyewe sina mengi. Kalsiamu naitreti iwe kwenye dumu lake, zile zenye salfeti na fosfeti dumu jingine, vikutane tu vikiwa vimeshazimuliwa, maana vikikutana vikali vinagandana na kuzama. Mbolea ya CAN inayowekwa kwenye mahindi si kalsiamu naitreti, ina unga wa chokaa usioyeyuka na utaziba kila ulichokichanja kwa msumeno. Maji ya bomba yanafaa. Ya visima vya karibu na bahari yaonje kwanza. Na mchicha panda chini, ndoo ni za nyanya, hoho na bilinganya.

Maji yanayotoka siyarudishi kwenye pipa la juu linalolisha ndoo, kwa sababu ndoo moja ikiugua inaziambukiza zote. Namwagia migomba na mpapai nyuma ya nyumba, leo shina hili, kesho lile, chumvi isirundikane mahali pamoja.