Kinyama cha tumbo kimesema "hakuna saratani": uliza vilichukuliwa vingapi, na wapi

Pole sana na mzee, mkuu. Umeuliza kama majibu ya kinyama (kipande kidogo kinachonyofolewa tumboni ili kipimwe) aliyopewa Arusha yanaaminika, maana yameandikwa hakuna saratani na bado anakonda na kutapika. Mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopia, yaani kipimo cha kamera inayoshushwa tumboni kupitia mdomoni, hapa Moshi. Namshikia daktari koleo na kupokea vinyama vinavyotoka, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona kazini.

Majibu yakisema saratani ipo, ni nadra sana kukosea. Yakisema haipo, yanazungumzia vile vipande vilivyofika maabara tu. Kipande kimoja kina milimita 2 au 3, kama punje ya ulezi, na tumbo ni pana. Mwaka 1982 David Graham na wenzake huko Marekani walichapisha hesabu inayotajwa mpaka leo: kipande kimoja kiligundua saratani kwa asilimia 70 ya waliokuwa nayo, vinne asilimia 95, saba asilimia 98. Nimeshapokea wagonjwa wa rufaa wenye kidonda kikubwa ambao walinyofolewa vipande viwili tu, wakaambiwa wako salama. Inaniuma kila mara.

Mahali nako kuna uzito wake. Katikati ya kidonda mara nyingi ni tishu iliyokufa, haimwambii lolote mtu wa patholojia, anayepima vinyama maabara. Sisi tunazunguka ukingo, pande zote nne, ndipo tunagusa chini. Kipande cha kwanza hulengwa kwa makini zaidi, kwa sababu damu ikishachuruzika inafunika kila kitu.

Saratani ya mwanzo, ile isiyofika kwenye misuli ya tumbo, mara nyingine haina hata kidonda. Unaona wekundu kidogo, au sehemu iliyopauka, na povu au ute vinatosha kuificha. Mgonjwa aliyekula asubuhi anapoteza kipimo chake. Ipo pia aina inayotambaa chini ya utando: tumbo linakakamaa, koleo linanyofoa juu, majibu yanarudi safi.

Halafu omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Wengi wanakuja wameshaimeza wiki kadhaa kutoka duka la dawa. Inaweza kufunika hata kidonda chenye saratani, kikaonekana kinapona, na daktari asijue pa kunyofoa. Mwambieni daktari mzee ametumia dawa gani na kwa muda gani, ila msimkatishe dawa bila kumuuliza.

Kwa mzee wako, dalili zinapingana na karatasi, na hapo mimi nafuata dalili. Kidonda cha tumbo kwa kawaida huangaliwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, lakini anayekonda na kutapika asingoje hivyo. Ombeni ripoti ya kamera na ya patholojia, zote mbili, mwende nazo kwa daktari wa mfumo wa chakula, hospitali ya rufaa ya KCMC hapa Moshi au kwingine mnakofika kwa urahisi. Kama vipande vilikuwa chini ya sita, ombeni kipimo kirudiwe wiki hii.