Swali ambalo malezi hulisogeza mbele

Mtu mwenye watoto wadogo akiulizwa anaishi kwa ajili ya nini, jibu huwa liko mdomoni: "Kwa ajili ya wanangu." Ni jibu la kweli na la heshima. Ila mara nyingi hutumika kufunga mjadala. Kesho kutwa wanao nao wataulizwa, watajibu hivyohivyo kuhusu watoto wao, na swali litapokezanwa vizazi hadi vizazi bila mtu kulishika.

Mwandishi wa Urusi Leo Tolstoy alilikiri jambo hili waziwazi. Alioa mwaka 1862, akapata watoto 13, na baadaye akaeleza kwamba maisha ya ndoa, pamoja na hangaiko la kuongeza kipato cha nyumba, vilimsahaulisha swali la maana ya maisha kwa muda wa miaka kama 15. Lilipomrudia akielekea miaka 50, lilimkaba koo. Tazama aliyoyataja kwa pamoja: familia, na hangaiko la kuitafutia. Watu huyachanganya, na hapo ndipo wanapopotea. Mimi naona kinachofunika macho ni hilo hangaiko. Familia yenyewe, ikipewa nafasi, humleta mtu karibu na swali kuliko kitu kingine chochote.

Ukitaka kujua wewe uko upande gani, chukua karatasi. Wiki ina saa 168. Toa za usingizi. Ukilala saa 7 kila siku, zinabaki 119. Hizo zigawe safu tatu. Ya kwanza, saa ulizokuwa na mtoto na akili yako ikiwa pale. Ya pili, saa ulizokuwa mbali naye kwa ajili yake: kazi, safari ya kwenda na kurudi, shughuli za ziada. Ya tatu, saa ambazo hukuhitajiwa na mtu. Andika kila jioni kwa siku 7 mfululizo, usisubiri Jumapili ukumbuke, maana kumbukumbu hutupendelea. Makosa ni mawili. Watu huweka safu ya kwanza saa walizokaa chumba kimoja na mtoto wakitazama simu. Hizo hazimo. Pia husahau kazi za mikono, kufua na kuosha vyombo. Ziandikie pembeni, kwani zaweza kuwa za safu ya kwanza mtoto akiwa anakusaidia na mnaongea.

Safu ya pili ikiimeza ya kwanza mara 5 au 6, usijilaumu, maana wengine hawana njia nyingine ya kulipa pango. Jiulize jambo moja tu: ni saa ngapi kati ya hizo zinalipia mahitaji, na ngapi zinalipia hofu ya kuonekana umeshindwa? Za hofu ndizo unazoweza kuzikomboa.

Kuna jambo huwatesa wazazi wengi kimyakimya. Wanachoka, hawafurahi, basi wanahisi wamekosea njia. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake 909 wenye ajira katika jimbo la Texas, Marekani, walioeleza siku yao tukio kwa tukio. Kuhudumia watoto kulikuwa chini ya kutazama televisheni kwa furaha ya papo hapo. Mwaka 2013 mwanasaikolojia mwingine, Roy Baumeister, na wenzake wakaonyesha kwamba furaha na maana hazitembei pamoja kila mara, na kwamba muda wa kulea huambatana zaidi na maana. Waliosema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, hawakuahidi raha. Kumkanda mtoto mwenye homa saa nane usiku kwa kitambaa cha maji, ukihesabu pumzi zake, hakufurahishi. Lakini ni dakika chache ambazo hakuna mtu anayejiuliza yuko pale kwa nini.

Sasa swali lenyewe. Liandike hivi: "Kama kuanzia mwezi ujao wanangu wasingehitaji tena pesa yangu, ningeamka kufanya nini?" Jibu la kwanza kwa wengi ni "kulala". Hilo ni jibu la uchovu, usilichukulie kama la mwisho. Pata usingizi wa kutosha kwa wiki 2, kisha uliza tena. Likitoka jambo, hata dogo, lipe dakika 15 kwa siku mara 4 kwa wiki. Wanaoanza na saa nzima ya alfajiri huacha ndani ya siku chache, kwa sababu mtoto naye huamka, kisha wanamkasirikia yeye. Zifunge dakika hizo na kitu ambacho tayari hufanyika, kwa mfano mara tu taa ya chumba cha watoto inapozimwa, na simu iwe chumba kingine.

Mkiwa wawili, peaneni saa 2 kila mmoja mwishoni mwa wiki, kwa zamu, na anayebaki asimpigie mwenzake kuuliza soksi ziko wapi. Mpango huu hufa pale mmoja anapotumia saa zake kufua, halafu anamdai mwenzake shukrani. Anayelea peke yake asijipime kwa kipimo hiki. Saa 1 kwa wiki, mtoto akiwa kwa ndugu anayeaminika, inatosha kuanzia.

Na kwa ambaye bado hajazaa: ukitaka mtoto ili maisha yako yapate maana, utakuwa umembebesha mzigo kabla hajajua kutembea. Atauhisi. Akifeli mtihani utahisi umefeli wewe, akihama nyumbani utahisi umeibiwa.

Mwisho, usipuuze anayekuuliza kila siku. Mtoto wa miaka 4 au 5 huanza kuuliza kwa nini watu wanakufa, alikuwa wapi kabla hajazaliwa, kwa kawaida wakati unamfunga kamba za viatu na mmechelewa. Wengi humjibu "utaelewa ukikua". Usimjibu hivyo. Simamisha mikono, mtazame, mwulize, "Wewe unaonaje?" Subiri, anaweza kukaa kimya hadi sekunde 10. Akisema lake, mwambie unachoamini kwa sentensi 2 au 3, na pale usipojua sema hujui. Kisha fungeni kiatu cha pili, mwondoke.